Nyota Isiyochoma Mkono

Nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba buluu ni baridi? Namtafuta mtu huyo. Sina nia ya kumpiga. Umri huu haunisukumi tena kupigana na watu nisiowajua. Nataka nimuulize tu siku hiyo alikuwa amegusa nini. Kama aligusa maji, maji hayana rangi. Kama aligusa mbingu, ni mwongo. Mimi niliacha shule darasa la nne, na tangu hapo mwalimu wangu ni chuma. Chuma hakijui kubembeleza. Ukikipasha kidogo kinakuwa chekundu, na huo ni utoto wake. Ukizidisha kinakuwa cha rangi ya chungwa, kisha manjano, kisha cheupe, na kikishakuwa cheupe huna tena mazungumzo nacho. Lakini baada ya weupe ipo ngazi nyingine, ile inayokaa kwenye ncha ya kijiti cha kuchomelea, nukta ndogo kama punje ya mtama, nyeupe yenye buluu ndani yake. Ikifika hapo chuma si chuma tena, ni uji. Kwa hiyo mtu akinijia na kuniambia buluu ni baridi, kwanza naangalia viganja vyake.

Katika mji wetu, ambao sina hakika tena kama ni wetu, asubuhi moja jua la zamani halikuchomoza. Mahali pake ikasimama nyota. Ilikuwa lini? Hapo ndipo watu walipoanza kunitia shaka. Jirani yangu mmoja alisema mwezi uliopita. Mwingine akasema nyota hiyo alizaliwa akaikuta. Dada yangu Mize, ambaye hasahau hata deni la chumvi, alinitazama kama mgonjwa na kuniuliza, "Jua lipi, Shekue?" Nikaenda kwenye kioo nikajitazama usoni. Kwenye nuru ile nyeupe niliona mabaka ya kahawia chini ya ngozi yangu, kama ramani ya nchi niliyowahi kuishi na kuisahau. Nikajiuliza: ikiwa uso huu umechomwa, ulichomwa na nani? Mabaka hayasahau. Jua lilikuwepo.

Nyota yenyewe haikuonekana kuwa kitu cha kutisha. Ilikuwa nukta. Ungeweza kuifunika kwa ncha ya sindano uliyoishika kwa mkono ulionyooshwa. Lakini nukta hiyo iliujaza mji mzima mchana, na mchana wake ulikuwa na kasoro tatu ambazo nilizihesabu kimyakimya, kwa sababu wakati ule kuhesabu kwa sauti kulikwisha kuwa kosa. Kasoro ya kwanza ni vivuli. Kivuli cha jua la zamani kilikuwa na ukingo laini, kama kinaona haya. Kivuli cha nyota kilikatwa kwa wembe. Ukisimama, kivuli chako kilikuwa na kila unywele wako, na watu walipita wakikikwepa. Ya pili ni nguo nyeupe. Kanzu zilizofuliwa ziling'aa kupita kiasi, zikatoa mwanga wa kwao wenyewe, kama zimetiwa bulu ya kufulia mara kumi. Na nguo nyekundu zikafa, zikawa rangi ya ini la jana. Ya tatu ni harufu. Kila adhuhuri hewa ilinuka kama shaba iliyolambwa. Mtu mwingine asingeijua. Mimi naijua. Ndiyo harufu inayobaki karakana baada ya kuchomelea, na imekaa katika matundu ya pua yangu miaka thelathini.

Sikumwambia mtu. Shaka ni kama kuku wa kienyeji: ukimfukuza mbele ya watu anatagia kwa jirani.

Bwana Ngwali alikuja karakana saa tatu asubuhi. Nilisoma naye mpaka darasa la nne. Mimi nikatoka, yeye akabaki, na kwa ninavyojua hajatoka hadi leo. Sasa alikuwa mpimaji mkuu wa Ofisi ya Nuru, ofisi iliyokuwa ya kwanza mjini kuondoa paa lake.

"Hodi, Fundi Shekue."

"Umeshaingia. Hodi ya nini?"

Akacheka. Meno yake yalimulika kama kanzu. "Hujabadilika hata kidogo."

"Aliyebadilika ni wewe. Mimi na wewe tumetahiriwa msimu mmoja. Mbona leo unafanana na mdogo wangu wa mwisho?"

"Ni nuru hiyo, kaka. Sisi tulio karibu nayo inatufaa."

Kweli alionekana kijana. Ngozi ilimkaza, macho yalikuwa makali, alizungumza haraka na kutembea haraka, na hata alipokaa goti lake moja halikutulia. Nilimtazama kama ninavyotazama mkaa uliopulizwa kwa mivukuto miwili. Mkaa wa namna hiyo unawaka vizuri kuliko wote. Hauchukui muda kuisha.

Akatandaza karatasi juu ya fuawe yangu. "Kesho mchana mapaa yote yanatoka. Umeshasikia."

"Nimesikia. Sijaelewa."

"Paa ni nini, Shekue? Paa ni mtu kuiambia nyota: sikuamini."

"Basi langu linasema kweli."

"Utani wako huo utakuponza." Aligonga karatasi kwa ukucha. "Watu wa mji huu ni wachoma mkaa. Unawajua. Hawaamini habari ya moto mpaka mtu wa moto aiseme. Tunataka neno lako moja tu. Kwamba nuru hii ni baridi. Kwamba ni ya buluu, kama maji, na kama maji haina madhara kwa mtu, mnyama wala mtoto."

"Nyumbani kwangu kuna mzazi," nikasema. "Binti yangu Mwanakheri amejifungua. Mtoto ana siku kumi na tisa. Hajafikisha arobaini, hajatolewa nje. Mtoto wa siku kumi na tisa hana ngozi, ana utando, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa. Unataka nimvue paa?"

"Hongera, babu." Alisema hivyo kwa upole wa kweli, na upole wa kweli ndio ulionitia wasiwasi zaidi. "Njoo."

Akanivuta mpaka mlangoni. Akatoa mkono wake nje, kiganja juu, akanitazama nami nitoe wangu. Nikatoa. Tukasimama kama waombaji wawili. Nukta ile ilitumulika. Sikusikia kitu. Hata uvuguvugu wa pumzi ya mbuzi sikuusikia.

"Inachoma?"

"Haichomi."

"Basi?"

"Ndilo linalonitia shaka."

Hapo nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba moto wa mkaa unakuonya. Unakusukuma kabla haujakuumiza, kama mbwa anayebweka. Moto wa kuchomelea haubweki. Mpita njia anasimama, anautazama, anaona cheche nzuri, uso wake haupati joto, anaenda zake akicheka. Saa sita baadaye analia kitandani kama aliyetiwa mchanga wa moto machoni, na ngozi ya shingo inamtoka kama ganda la kitunguu. Ndani ya mwanga ule mna mwanga mwingine ambao jicho halikupewa ruhusa ya kuuona. Huo ndio unaochoma. Na kadiri nukta inavyokuwa buluu, ndivyo huo wa siri unavyozidi. Ngwali alisikiliza goti likimchezacheza.

"Unazungumzia ncha ya kijiti," akasema. "Mimi nazungumzia nyota."

"Moto ni ukoo mmoja."

"Hayo ni maneno ya darasa la nne." Akageuza karatasi. "Hata hivyo tunabishana bure. Umeshashuhudia."

Chini ya maandishi palikuwa na alama ya dole gumba. Nikainama. Ilikuwa yangu. Nilijua kwa kovu lililoikata katikati, kovu la Jumatatu, la wiki hiyohiyo, bado lilikuwa na gamba. Lakini karatasi ilikuwa imeshakuwa ya manjano na wino umechakaa kama wa zamani za babu.

"Nimeweka lini?"

"Nuru unayoiona leo iliondoka kule kabla babu yako hajazaliwa. Ilisafiri tu. Kwa hiyo yote yatakayotokea chini yake yamekwisha kutokea, yako njiani yanakuja. Ofisi haingoji tena. Ofisi inapokea."

Mtu hujiuliza nini akionyeshwa dole lake mahali ambapo yeye hajafika? Nilijiuliza kama yupo Shekue mwingine aliyetangulia, mwepesi kuliko mimi, aliyekwisha kusema ndiyo kwa kila kitu. Na kama yupo, ni nani kati yetu anayekula chakula cha Mize kila mchana. Nikaona mimi si mtu bali ni mwanga wa mtu. Kilichoniwasha kimeshazimika, na ninayejidhania kuwa niko hai nafika tu. Halafu nikakumbuka jambo dogo.

"Ngwali. Mwizi aliyekwisha kuiba harudi kuomba ufunguo."

Akapangusa karatasi kwa kiganja.

"Kama nimeshashuhudia, umekuja kufanya nini hapa?"

Akakunja karatasi yake. Alipoinua uso niliona mvi tatu au nne kwenye sharubu, na ninaapa alipoingia hazikuwepo.

Mchana huo nilikwenda Ofisi ya Nuru mwenyewe. Siamini ninachoambiwa nikiwa nimekaa kwangu. Mlangoni walikuwa wametundika ubao mrefu wenye sifa za nyota, umeandikwa kwa rangi nzuri, na watu walikuwa wakiusoma kama wanavyosoma matokeo ya mtihani wa watoto wao. Uzito: mara kumi ya jua la zamani. Nuru: mara elfu kumi. Mzunguko: inajizungusha upesi hata imevimba kiunoni, na upana wake umezidi kimo chake. Hapo nilicheka peke yangu. Ina kitambi, nikasema. Anayejizungukia mwenyewe kwa kasi hutoa kitambi, na ubao ulieleza, kwa maandishi madogo, kwamba kiunoni ilikovimba nyota imefifia kidogo na ukali wake wote uko kichwani na miguuni. Upepo: hupuliza vumbi la mwili wake mwenyewe pande zote, bila kupumzika, wala halirudi.

Mistari miwili ya mwisho ilikuwa imefunikwa kwa karatasi zilizogundishwa kwa ugali. Juu ya ile ya kwanza waliandika "Joto: baridi." Juu ya ile ya pili waliandika "Umri: milele." Nilisubiri bawabu ageuke, nikalowesha kidole mate nikainua pembe ya kila moja. Chini ya baridi paliandikwa: nyuzi elfu ishirini na mbili. Chini ya milele niliona namba ndefu yenye sifuri nyingi, na kando yake namba ya jua la zamani, ambayo ilikuwa kubwa zaidi mara mia kadhaa. Mimi si mtu wa sifuri. Lakini mji wa wachoma mkaa hauhitaji sifuri kuelewa jambo hilo. Tanuri kubwa likifunguliwa matundu yote linaanguka jivu asubuhi, na katanuri kadogo kalikozibwa vizuri kanavuta moshi wiki nzima. Nyota ile ilikuwa kubwa, na kwa sababu ilikuwa kubwa ilijila upesi. Uzito wake ndio uliokuwa ukiimaliza.

Hapo nikaelewa kwa nini walikuwa na haraka. Kitu kinachojua kitakufa mapema hakivumilii mtu mwenye paa.

Au sikuelewa. Nijuaje? Jicho langu lilifinyangwa chini ya jua la manjano. Nalitumia kupima nyota ambayo haikuliumba. Labda ubao nao ulikuwa umefunikwa mara mbili, na chini ya elfu ishirini na mbili palikuwa na neno jingine, na chini ya hilo jingine, mpaka kwenye mbao tupu. Nilirudi nyumbani nikitembea juu ya kivuli changu, na kivuli kilikuwa kimebeba dole gumba lililonyooka.

Kuna desturi kwetu, sijaiona kwa watu wengine. Tanuri la mkaa likifunikwa udongo, hakuna anayelifungua mpaka mtu mmoja aseme limepoa. Na anayesema limepoa analikalia. Anakaa kwa makalio yake, wote wakiona, mpaka watu waseme wamemwamini. Anayembishia anakaa pembeni yake, bega kwa bega, ahakikishe hakai kwa hila. Wengi katika mji huu wana makovu mahali wasipoweza kuonyesha wageni.

Kesho yake saa mbili asubuhi mji ulikusanyika mbele ya Ofisi. Ngwali alipanda jukwaani na karatasi yake. Aliponiita nithibitishe kwa mdomo, nilisema hivi: "Sina neno. Nina benchi."

Watu wakacheka. Walishaelewa.

"Bwana Ngwali anasema imepoa," nikasema. "Basi aikalie. Mimi nitambishia pembeni."

Asingeweza kukataa. Hata ofisi isiyo na paa ina sakafu, na sakafu yetu ni desturi. Wakaleta benchi, tukakaa bega kwa bega uwanjani, bila kofia wala mwamvuli, mimi bila ngao yangu ya uso. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: tukae mpaka alasiri, mbele ya macho yao, imuume mbele ya macho yao. Mtu aliyesema ukweli bila kuupa muda wake hajasema kitu.

Ngwali aliikodolea nyota macho, kidevu juu, kama anayepigwa picha. Mimi nilitazama chini ya miguu yangu, lakini chini nako palikuwa mchanga mweupe, na mchanga mweupe ni nyota iliyolala.

"Unaogopa kuitazama," aliniambia chini kwa chini.

"Naogopa."

"Unajua shida yako, Shekue? Ulitoka shule kabla hatujafika kwenye sura ya kuamini."

"Sura hiyo ilikuwa na picha?"

Akacheka kwa pua. Watu walikula karanga. Mama mmoja alipaza sauti, "Fundi, umepikika?" na wengine wakaangua kicheko. Kila nilipomtazama Ngwali kwa pembe ya jicho alikuwa ameongeza miaka. Saa nne sharubu zote zilikuwa nyeupe. Saa tano mkono aliouweka gotini ulikuwa na mishipa ya mzee, na goti lenyewe lilikuwa limetulia hatimaye. Hakuna aliyeona ila mimi. Au waliona, na katika mji ule kuona kulikuwa kumekwisha kuwa kazi ya ofisi.

Saa sita kamili Ngwali akasimama. Akainua mikono yake mizee mbele ya watu, akaigeuza juu chini. "Nani anaona malengelenge?"

"Hakuna!" wakajibu.

"Nani anasikia joto?"

"Hakuna!"

"Fundi, umeungua?"

Nilisema, "Bado."

Neno hilo liliwaua kwa kicheko. Walinipigia makofi kama mchekeshaji. Nilipiga kelele kwamba tusitoke, tukae, zimebaki saa tatu tu, lakini benchi lilikuwa limeshabebwa na mabati ya mji yalikuwa yameshaanza kulia yakibanduliwa. Niliposhindwa nilijua nimeshindwa kwa saa. Moto ule una adabu ya mdanganyifu: hupiga ukishaondoka.

Nilifika nyumbani, nikafunga mlango na dirisha. Mwanakheri alikuwa kitandani, amejifunga tumbo kwa kanga, mtoto kifuani. Mize alikuwa anakoroga uji wa pilipili manga.

"Shujaa wa benchi," Mize akasema. "Nimesikia umewachekesha."

"Mize, mchanga wa macho unakuja. Nipe kitambaa."

Ulikuja saa tisa. Kwanza macho yaliwasha, halafu yakajaa maji, halafu kila kope ikawa msasa. Hata mwanga wa ufa wa mlango ulikuwa msumeno. Nilikaa sakafuni giza mpaka kwenye ubongo, na mafundi wote wa kazi yangu wanajua dawa ni ipi, ila si kila nyumba inayo. Mize aliongea na Mwanakheri kwa sauti ya wanawake. Baadaye akaniwekea kikombe kidogo mkononi, kikombe cha kahawa, kina vuguvugu la mtu.

"Maziwa ya mzazi," akasema. "Hakuna zaidi mpaka mtoto ashibe. Usimwage."

Sikupata muda wa kuyatia machoni. Ngazi iligonga ukuta wa nje, miguu ikapanda juu yetu, na bati la kwanza likang'olewa.

Sikuona kitu. Nilisikia tu Mwanakheri akisema, "Baba, mwanga umeingia."

"Uko wapi?"

"Kitandani. Tumetoka. Tuko ukutani."

Bati la pili likalia. Mtoto akalia nalo. "Huku nako," akasema Mwanakheri, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima tena, ilikuwa ya miaka sita, ile aliyoniitia nayo alipong'atwa na siafu. Kutoka nje kusingefaa, nje ilikuwa nyota tupu. Nikatambaa kuifuata sauti mpaka kwenye pembe ya mwisho yenye bati juu yake, nikawapa mgongo wangu wawe nyuma yake, kikombe nimekibana kifuani. Mize alitupa kanga juu ya mtoto. Kanga ni maua tu. Nuru ile inasoma hadi jina lililoandikwa upande wa pili.

Mlango ukafunguliwa. Hatua za mtu anayepapasa.

"Hapa pana giza?" Ilikuwa sauti ya kikongwe. Ilinichukua muda kuitambua.

"Palikuwa nalo mpaka ulipofika, Ngwali."

"Shekue. Wameniambia nyumba yako ndiyo ya mwisho yenye paa. Macho yangu, Shekue. Kuna mtu anayasugua kwa kokoto."

Nilimshuku. Nitaficha nini? Nilifikiri: amejifanya kipofu ili nisogee, ili pembe ibaki wazi. Nilifikiri: hii ndiyo sura ya kuamini, wameileta mpaka kwangu. Nikanyoosha mkono nikamgusa uso. Mashavu yalikuwa yamelowa, na chini ya kidole changu ngozi ya paji ilijikunja ikatoka, nyepesi, kama ganda la kitunguu. Akaingia pembeni yangu, bega kwa bega, kifua kwenye nuru. Kati ya migongo yetu na ukuta walikuwa watoto wangu wawili, binti na mjukuu. Sijui kama alikuja kuwakinga au kujikinga. Giza lilikuwa moja, tuligawana.

"Ni baridi," akasema, na alikuwa analia. "Mpaka sasa kifuani ni baridi tu. Sisikii kitu."

"Ndivyo inavyochoma."

Akavuta pumzi. Alikuwa amesikia harufu. "Una maziwa."

"Ninayo. Ya macho mawili tu."

"Mpe, Baba," akasema Mwanakheri nyuma yangu.

"Kwanza bati," nikasema.

Juu yetu nyundo ilishachomekwa chini ya ukingo wa bati la mwisho; nilisikia likikunjuka. Ngwali akainua uso asioona nao na kupaza sauti: "Acheni hilo! Rudisheni yote!"

"Bwana mkubwa," mmoja wa wale wa juu akajibu, "tuna karatasi. Ina dole la fundi mwenyewe."

"Karatasi hiyo ni ya kesho. Leo nasema mimi. Moto! Ni moto, nimesema, funikeni!"

Wakanong'onezana. Halafu bati likaburutwa, likaanguka mahali pake, na Mwanakheri akasema mwanga umetoka kitandani. La pili likafuata. Nyundo ikaanza. Nilizibana kope zangu, nikahesabu. Kwenye bati la kwanza walipiga misumari sita, kama inavyotakiwa. Kwenye la pili walipiga mmoja, miwili, mitatu, minne, kisha nikasikia mguu ukitafuta ngazi.

Mkono wa Ngwali ulinipapasa kifuani, ukakuta kikombe, ukakishika. Ulikuwa mkono mwepesi, mifupa ya ndege. "Wamemaliza," akasema. "Nipe sasa, kaka."

Sikukiachia.

"Bado miwili," nikasema.